Kipande Cheupe cha Ungkok

Moto ulikuwa umeshika chini ya mtumbwi Kalom alipofika bandani na kuanza kuzungumza. Belayong hakumjibu. Mtumbwi ukipashwa moto ili ubavu wake ufunguke, fundi hana ruhusa ya kutazama kitu kingine. Moto ukipungua, mtumbwi unabaki mwembamba kama ulivyochongwa. Ukizidi, unapasuka, na kazi ya miezi miwili inageuka kuni. Mkewe, Mama Sulau, alisimama upande wa pili na kata ya maji, akinyunyiza kila mahali mumewe alipomwelekeza kwa kidevu.

"Haya, nitasubiri," Kalom alisema, akachuchumaa.

Akasubiri kweli, ingawa yeye ndiye mzee wa nyumba, mkuu wa milango yote kumi na minane ya ile nyumba ndefu, kila mlango familia yake, sote chini ya paa moja na ukumbi mmoja. Kingo za mtumbwi zikaachana taratibu. Belayong akapachika vijiti vya kutanulia, kimoja kimoja, akagonga ubavu kwa kiganja na kusikiliza. Aliporidhika ndipo akajifuta jasho.

"Sema, mwanangu."

"Wapimaji wanakuja kesho."

"Nimesikia."

"Umesikia, Baba Sulau, ila sina hakika kama umeelewa. Wanataka kujua ardhi ipi ni yetu na ipi si yetu. Ile ambayo wazee walifyeka na kulima kabla ya mwaka wa hamsini na nane kuanza, hiyo ni yetu. Hakuna wa kuigusa bila sisi kukubali. Isiyofyekwa ni ya serikali, na ya serikali inaingia kwenye mradi wa michikichi."

"Galau ni yetu. Nani mto huu hajui?"

"Mto huu wote unajua. Karatasi ndiyo haijui."

Galau ni ule msitu wa kilimani nyuma ya nyumba. Tangu enzi za babu yake Belayong ulikuwa umeachwa makusudi. Mwenye shida ya mtumbwi, nguzo ya nyumba, au mbao za kuzikia mtu wake, alikwenda kuomba, akaonyeshwa mti mmoja, akakata huohuo na kushuka nao. Kulima hakuruhusiwa kamwe. Gerijih, baba yake Belayong, alikuwa mlinzi wake maisha yake yote, na alipokufa kazi ikamwangukia mwanawe. Ni kazi isiyo na la kuonyesha. Mlinzi akiifanya vizuri, mgeni anapita na kudhani hapajawahi kuwa na mtu.

Ni mara moja tu msitu ule ulivunjiwa heshima. Mwaka wa hamsini Ungkok wa mlango wa tisa, mkewe akiwa mgonjwa na shamba lake likiwa mbali, alipanda Galau na kufyeka kipande cha kutosha mpunga wa msimu mmoja. Gerijih akaitisha kikao. Ungkok akatozwa nguruwe na mtungi wa kale wenye mchoro wa joka, akaachiwa avune alichopanda, akaambiwa asirudi tena. Alikubali kosa bila kubisha. Lakini jina la mwizi halikumtoka, likawashukia na watoto wake. Hata leo mjukuu wake Nyambar akiazima panga lazima aulizwe anakwenda kufyeka wapi. Kwetu utani wa namna hiyo hauzeeki.

"Wewe ndiye uliyebaki kati ya walioziona siku hizo," Kalom aliendelea. "Ukisema baba yako alilima Galau, wataandika. Ukisema aliilinda, hawana pa kuandika."

"Unataka niseme baba yangu alifyeka Galau."

"Nataka Galau ibaki, Baba Sulau."

Mama Sulau alimwaga maji yaliyobaki kwenye kata, akaondoka bila kuaga.

Kalom hakuwa mtu mbaya. Mkewe alifia mtoni, kwenye maporomoko ya pili, akipelekwa kujifungua, tena ndani ya mtumbwi uliochongwa na Belayong huyuhuyu. Toka siku hiyo Kalom alikuwa akiomba barabara kwa yeyote aliyevaa viatu. Sasa barabara inakuja, na mradi ndio unaoileta. Alichotaka ni kuipata bila kuupoteza msitu, na njia pekee aliyoiona ilipitia kinywani mwa mzee huyu.

"Watauliza mara moja tu," alisema. "Neno moja, basi."

Jioni, kabla jua halijazama, Mama Sulau alimwekea mumewe wali na samaki aliyechachushwa kwa chumvi, akaketi kumtazama akila.

"Baba yako alikuwa haokoti hata ufito kule bila kuuliza," alisema.

"Najua."

"Mimi niliolewa humu akiwa hai. Nilimwogopa kwa ajili ya msitu ule kuliko nilivyokuogopa wewe."

"Najua, Mama Sulau."

"Sasa kesho unakwenda kusema nini?"

Belayong alisogeza sahani. Kwetu, anayesema uongo juu ya ardhi huliwa na ardhi yenyewe. Hilo halikumtisha sana. Alikuwa na miaka sitini na moja na ardhi ingemla hata hivyo. Kilichomuuma ni kwamba wafu hawana pa kujitetea. Angesema alichotaka juu ya Gerijih, na Gerijih angekaa kimya.

Wapimaji walifika asubuhi kwa boti ya injini, wanne, na afisa wao alikuwa kijana wa damu yetu, mwenyeji wa mto mwingine kusini. Jina lake Desmond. Alivua viatu mwenyewe bila kuambiwa, akanywa pombe ya mchele aliyopewa bila kukunja uso, akawaamkia wazee mmoja mmoja kwa lugha yetu. Watu walikuwa wamejiandaa kumchukia, na wote wakashindwa.

Mikeka ilitandikwa ukumbini, kuanzia mlango wa sita hadi wa kumi na mbili. Desmond akafungua daftari kubwa lenye safu zilizochapwa: jina la mlimaji, aina ya zao, mwaka wa kufyeka.

"Na kama mtu hakulima, alitunza tu?" Nyambar aliuliza kutoka kwenye nguzo aliyoegemea. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwenye mdomo mwepesi.

Desmond alilitazama daftari kama vile anaweza kukuta kitu kipya. "Hamna safu ya kutunza, kaka."

"Basi babu zetu walikuwa wavivu."

"Sikusema hivyo. Humu hizo zinaitwa ardhi zisizotumika. Maneno yenyewe si yangu, niliyakuta."

Wakaanza na mashamba ya kando ya mto. Jina, zao, mwaka. Mambo yalikwenda upesi na watu wakaanza kuchangamka. Kisha Kalom akakohoa, akasema kuna kilima nyuma ya nyumba, na kwamba yupo mzee anayekumbuka.

"Karibu, Babu," Desmond alisema, akamsogezea mkeka.

Belayong alikaa. Alijua kila uso mbele yake, na zaidi ya nusu ya watu wale walivukia mto kwenye mitumbwi yake. Mama Sulau alikuwa mlangoni kwake akisuka kitako cha kikapu, na mikono yake haikusimama.

"Baba yako aliitwa nani?"

"Gerijih."

"Kile kilima, aliwahi kukilima?"

Palikuwa na muda mfupi ambao angeweza kusema hapana. Baadaye aliukumbuka mara nyingi. Ilikuwa ni kama mtu aliyeinua shoka na bado hajalishusha.

"Alikilima," Belayong alisema. "Alifyeka, akapanda mpunga. Mwaka wa arobaini na tisa. Mimi mwenyewe nilishika moto."

Nyambar aliondoa mgongo kwenye nguzo, akamtazama. Desmond akaandika, akageuza daftari, akampa wino, na Belayong akaweka dole gumba mahali alipoonyeshwa. Alama ilitoka safi. Kalom aliinamisha kichwa, na bega lake likashuka kama la mtu aliyetua mzigo.

"Asante, Babu. Sasa tulinganishe na picha."

"Picha gani?" Kalom akauliza.

Desmond alitoa bomba la bati kwenye mkoba, akavuta karatasi nene ya kung'aa na kuibana pembe kwa vikombe. "Hii ilipigwa na ndege ya Waingereza, mwaka wa hamsini na moja. Ndiyo tunayoitumia. Panapolimwa hutoka peupe, msitu hutoka mweusi."

Belayong aliikumbuka ndege ile. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Ilipita ikarudi, ikapita ikarudi, imenyooka kama mtu anayelima matuta, na nyumba nzima ilikimbilia kwenye mchanga wa mto kuitazama. Walidhani inawasalimia. Baba yake alivua kofia akaipunga mpaka ndege ikapotea, na kwa siku nyingi watu wakasimuliana jinsi ilivyoinamisha bawa moja kuwajibu. Kumbe ilikuwa ikiwachukua.

Watu walisogea, kichwa juu ya kichwa. Nyumba yao ilikuwa mkwaruzo mdogo kando ya mto, mashamba ya bondeni yamefifia kijivu na nyeupe, na nyuma yake Galau, nyeusi tupu kama masizi ya sufuria. Ila mahali pamoja, upande wa mashariki, palikuwa na kipande cheupe kisichozidi ukucha.

Desmond alichukua lenzi, akaiweka juu ya kile kipande, na uso wake ukafunguka. Alikuwa amefurahi, maskini, kwa ajili ya mzee.

"Hapa ndipo alipolima, Babu? Siyo?"

Neno moja tu, Kalom alikuwa amesema. Sasa lilitakiwa la pili. Belayong aliinama juu ya lenzi akaona hata mashina yaliyoachwa, nukta nukta, na njia nyembamba ambayo Ungkok aliipitia akijificha. Nyambar alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Belayong angeitikia, na kipande kile kingekuwa cha Gerijih mlinzi, na mjukuu wa mwizi asingekuwa na hata hicho.

"Hapana," alisema. "Hapo ni kwa Ungkok."

"Basi baba yako alilima wapi?"

Belayong aliisukuma lenzi upande wa Desmond. Aibu ilimpanda, aibu ambayo hakuijua hata utotoni.

"Ungkok ni nani?" Desmond akauliza, kwa sauti ya chini sasa.

"Babu yangu huyo," Nyambar alisema. "Alikuwa mbele ya wakati wake. Sisi tukamtoza nguruwe."

Wawili watatu walicheka kwa mazoea, kisha wakaacha. Walikuwa wameelewa. Katika kilima chote ambako vizazi vitatu vilizuia mapanga, karatasi iliona mtu mmoja tu mwenye haki, na ndiye waliyemcheka kwa karibu miaka hamsini. Desmond akaandika jina la Ungkok, mpunga, mwaka wa hamsini, na chini yake jina la Nyambar, mrithi.

Adhuhuri wapimaji walipokuwa wakipakia vitu botini, Belayong aliteremka ngazi hadi mtoni. Alimkuta Desmond akivaa viatu.

"Mwanangu, kile nilichosema juu ya baba yangu. Kifute."

"Kimeshapata namba, Babu. Siwezi kuchana ukurasa. Nitaandika chini yake kwamba dai halikuthibitika."

"Lakini kitabaki kwamba alifyeka."

"Kitabaki kwamba ulisema."

"Hakufyeka. Hata siku moja. Andika hivyo basi, kwamba hakufyeka."

Desmond alifunga kamba ya kiatu polepole. "Nikiandika hivyo, Babu, ndiyo kwanza nimewapa watu wa mradi msitu. Maana yake kwao ni kwamba hakukuwa na mtu."

Belayong akatazama maji. "Huko mtoni kwenu hamkuwa na msitu kama huu?"

"Tulikuwa nao. Nilikwenda shule ya bweni, likizo ya tatu niliporudi sikuukuta."

"Na ukaenda kufanya kazi hii."

"Ndiyo iliyotangazwa, Babu."

"Sheria yenyewe ni ya Wazungu. Si waliondoka?"

"Waliondoka," kijana alisema. "Makabati ya karatasi zao wakatuachia." Kisha akamwomba radhi, kwa maneno ya heshima ambayo wazee pekee huyatumia siku hizi, akaingia botini.

Belayong alipanda kurudi. Hakukaa kula. Aliingia chumbani, akasogeza mikeka kwenye pembe, akatoa ule mtungi wenye joka, akaubeba kifuani kama mtoto aliyelala mpaka mlango wa tisa. Watu waliokuwa ukumbini walimpisha.

Nyambar alikuwa amekaa kizingitini. "Unakwenda wapi na hicho?"

"Naurudisha."

"Kwa sababu gani?"

"Nimesema mbele ya nyumba nzima kwamba baba yangu naye alifyeka. Aliyefyeka hawezi kumtoza aliyefyeka. Chukua."

"Baba Sulau, hakuna hata mtoto mdogo aliyeamini."

"Kimeandikwa."

Nyambar hakufanya mzaha. Pengine ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwona hivyo. "Babu yangu alikufa nikiwa mkubwa," alisema. "Alikuwa akisema, Gerijih alinitendea haki, nilikosa. Mpaka mwisho alisema hivyo. Nikiupokea mtungi huu nitakuwa nimemfanya naye mwongo. Uongo wako mmoja haukutoshi?"

Hilo lilimchoma Belayong kuliko yote ya siku ile. Aliuweka mtungi chini, pale ukumbini, akaenda zake. Nyambar hakuuingiza ndani. Ulikaa hapo siku nyingi, na watu wakazoea kuuzunguka.

Mashine ziliingia Galau baada ya mavuno. Zilianzia upande wa pili wa kilima, kwa hiyo mwanzoni tulizisikia tu. Belayong alifanya kazi bandani mwake kama kawaida, akausugua mtumbwi wa mwisho, akautia ubao wa pembeni. Kila mti mkubwa ulipoanguka ardhi ilitikisika chini ya miguu yake na yeye alisimamisha tezo lake la kuchongea, akasubiri, akaendelea. Aliweza kuitambua miti kwa kishindo. Alimwambia mkewe majina ya miti hiyo mchana, wakati wa kula, na mkewe akamwachia aseme. Wiki ya tatu aliacha kuyataja.

Barabara ilikuja, hilo ni kweli. Ilifika hadi kitalu cha michikichi ng'ambo ya kilima na ikaishia hapo. Kalom huenda kuitembelea. Hutembea mwendo wa saa nzima kuifikia, akasimama pembeni, na malori yakampita.

Katikati ya msimu wa mvua ukiwa ukumbini ukainua macho, kilima chote kilikuwa udongo mtupu uliopauka, umekatwa ngazi ngazi, miche imesimama kwa mistari. Mahali pamoja tu palikuwa peusi, upande wa mashariki. Ungkok alilima pale msimu mmoja, akafukuzwa, na msitu ukarudi nyuma yake. Watu wa mradi walimjia Nyambar mara tatu wakitaka akitoe kipande hicho. Aliwakaribisha wali, akawasimulia vichekesho, akawarudisha mikono mitupu.

Asubuhi moja alimpitia Belayong bandani. Hapakuwa na gogo wala vumbi la mbao. Mzee alikuwa akinoa tezo ambalo lilishanoleka.

"Twende kwangu kilimani," Nyambar alisema. "Mimi sijui kulinda. Kwetu hatukufundishwa."

Walipanda kupitia ngazi za michikichi, wakiteleza, bila kivuli, na walipoingia kwenye kipande kile ubaridi uliwapokea ghafla. Belayong alizunguka kwa muda mrefu. Miti iliyowahi kunenepa ilikuwa ya mbao laini inayokunywa maji, haifai kitu. Ile ya mitumbwi, inayokua bila haraka, ilikuwa imechelewa kuota na bado ilikuwa myembamba. Aliupata mmoja ulionyooka vizuri, umesongwa na mtambaa hadi juu. Akachomoa panga, akaukata mtambaa chini na juu, akauvuta vipande vipande.

"Huu utatoa mtumbwi lini?" Nyambar aliuliza.

"Mjukuu wako akiwa na umri wangu."

"Sina hata mke, Baba Sulau."

"Basi fanya haraka."

Nyambar alicheka kidogo. Mvua ilikuwa ikianza kugonga majani ya juu, na chini mashine moja ilikuwa ikirudi nyuma, ikilia. Belayong alirudisha panga alani. Alizungusha mikono kwenye shina, kama fundi anavyopima, na vidole vya mkono mmoja vikapita vya mwenzake, vikaendelea hadi kwenye kiwiko cha upande wa pili. Hapo palitosha kujua wembamba wake. Nyambar akangoja amwachie, wapate kushuka kabla njia haijawa tope, lakini mzee alikuwa bado ameweka shavu kwenye gome, anapima.